Kijiko cha Kwanza cha Mayai

Katika nyumba yangu hakuna mwanamume anayegusa chakula kabla aliyekipika hajala kijiko cha kwanza mbele ya wote. Sheria hiyo niliiweka mimi mwenyewe, na wake za wanangu waliichukia. Kwetu Masisi mkwe hali mbele ya baba mkwe. Tena, kumwambia mtu aonje mbele yako alichokupikia ni kumwambia kwamba unamshuku sumu. Mwenye pombe ya ndizi huonja kwanza ili wageni wake watulie, lakini hao ni wageni. Mke wa mwanao si mgeni. Mke wa mwanangu wa pili alirudi kwa wazazi wake kwa sababu ya sheria hiyo, akakaa huko majuma mawili, akisema kwamba mzee yule anamwita mwuaji bila kufungua kinywa. Aliporudi sikumweleza neno. Sasa nitaeleza.

Anayeandika ni mjukuu wangu Neema, binti wa Eliya, mtoto wangu wa kwanza. Mimi sikukaa darasani hata siku moja. Kiswahili changu nilikipata kanisani na katika kazi za watu, na ninakitaka kiwe kimenyooka. Kwa hiyo Neema ameamriwa aandike ninachosema, asikitie utamu wake. Ninasema kwa ajili ya mtu ambaye juma hili ameambiwa kwamba ana kifua kikuu, na kwa ajili ya yule anayempikia. Huyu wa pili ndiye ninayemfikiri zaidi.

Vita vya Wazungu vilipokwisha, nilikuwa kijana mwenye mke na mtoto, na shamba la baba yangu lilikuwa limegawanywa kwa ndugu wengi. Nikashuka Walikale kutafuta kazi. Huko tulisimama ndani ya vijito, maji yakiwa magotini, tukichota mchanga na kuuosha mpaka yabaki mawe meusi waliyoyataka Wazungu wenye kazi. Jua halifiki chini ya miti ile. Tulilala watu kumi katika kibanda kimoja, na nguo hazikukauka tangu Jumatatu hadi Jumapili. Miaka kadhaa nilipanda na kushuka hivyo: nikienda nyumbani wakati wa kupanda maharagi, nikirudi msituni baada ya palizi. Katika majira ya mvua ya mwisho nilianza kukohoa. Mwanzoni nilidhani ni moshi. Kisha siku moja nilitema juu ya jani pana la msituni, nikaona damu, na jani lile nikaliachia kijito bila kumwonyesha mtu.

Nilipanda kurudi Masisi nikiwa na debe la mafuta ya ngazi, yale mekundu ya mawese, mgongoni, maana hakuna aliyetoka Walikale mikono mitupu. Njia ambayo nilizoea kuipanda bila kusimama, safari ile niliketi kila palipokuwa na jiwe. Mwanamke mwenye mzigo wa ndizi kichwani alinipita, akageuza macho tu kwa sababu ya mzigo, akasema, "Pole, muzee." Sikuwa nimefika miaka thelathini. Nadhani ugonjwa wangu ulianza hapo, katika neno lile, kuliko katika damu.

Mke wangu aliitwa Mariamu; watu walimwita Mama Eliya. Aliponiona mlangoni hakusema kwamba nimekonda. Alichukua suruali yangu, akaipunguza kiunoni kwa uzi, akanirudishia. Mama yangu mzazi ndiye aliyesema mengi: kwamba ni baridi ya msitu, kwamba itatoka nikila maharagi ya nyumbani. Nilikula maharagi ya nyumbani mwezi mzima na haikutoka. Eliya, ambaye alikuwa amezoea kunirukia, alianza kusimama mbali akinitazama, maana nilikuwa nikikohoa kwa sauti ya kumtisha. Basi maharagi yalipofika palizi, Mariamu akamfunga mtoto wetu mchanga Rebeka mgongoni, akabeba chungu na kikapu, tukaenda hospitali. Eliya tulimwacha kwa mama yangu.

Nitasema juu ya benchi, kwa kuwa wewe pia utaketi juu yake. Wagonjwa wengine walingoja barazani. Sisi wenye kukohoa tulikuwa na benchi letu mbali, chini ya mikalitusi, kila mmoja na kopo lake la kutemea lenye kifuniko. Ulipofika siku ya kwanza, waliokwisha kuketi walikutazama na kukadiria, nawe ukawakadiria wao: huyu atatoka, yule hatatoka. Daktari Mzungu alipita mara moja kwa juma. Siku nyingine zote tulikuwa mikononi mwa muuguzi mmoja, Papa Yosefu, mtu mrefu, mpole wa mikono na mkali wa maneno.

Aliyeketi karibu nami aliitwa Ruben, mkulima wa Bihambwe, mwembamba kuliko mimi lakini mwenye mzaha usiokwisha. Aliniuliza nimetoka wapi, nikamwambia Walikale. Akasema, "Mimi sikufika Walikale hata siku moja, na kikohozi ilinifuata mupaka ku shamba. Wewe uliifuata kwa miguu yako, sasa nani mujinga?" Benchi lote likacheka, na kucheka kukageuka kukohoa, na Papa Yosefu akatoka nje akatugombeza kama watoto.

Tulipewa kibanda nyuma ya hospitali, mahali ambapo wake wa wagonjwa walipika. Sindano ilikuwa kila asubuhi, na kuanzia hapo sikuhesabu tena siku wala Jumapili, nilihesabu sindano. Zile za kwanza ziliniuma paja, kisha zikanipa kelele masikioni, kama nzi aliyefungiwa kwenye chupa. Sikio langu la kushoto halikurudi. Ndiyo sababu Neema anaketi upande wangu wa kulia anapoandika. Kinywa nacho kilikufa. Kila nilichokula kilikuwa na ladha ya chuma kilichonyeshewa mvua, na bugali ulikuwa sawa na majivu.

Asubuhi ya sindano ya kwanza Mariamu alikuwa amekwenda mtoni. Papa Yosefu aliweka sindano chini, akanitazama, akasema maneno ambayo ninayajua mpaka leo jinsi alivyoyapanga.

"Sindano itapigana na ugonjwa, lakini haitakujengea muili. Kula mayayi mbili kila siku, na mboga, na mafuta kidogo. Na bibi yako naye akule vile vile. Yeye iko nanyonyesha, na iko nalala karibu na kikohozi yako. Muili yake ikikauka, ugonjwa itamuingia. Umesikia?"

"Nimesikia, Munganga."

Hapa ni lazima wewe msomaji ujue desturi yetu. Katika siku zile mwanamke wa kwetu hakula yai, wala kuku. Alifuga kuku, akaokota mayai, akapika, akapeleka mbele ya mume na wageni, lakini hakutia kinywani. Akila, walisema, tumbo litafungwa, ao mtoto atazaliwa bila nywele, ao atakuwa mlafi asiyeshiba na kuiaibisha nyumba ya baba yake. Katekista alikuwa ametufundisha kwamba si dhambi, na baada ya kufundisha hivyo alikula mayai kwetu huku mama yangu akimtazama. Hakuna mwanamke aliyejaribu.

Mariamu alirudi na mtungi wake, akauliza Munganga amesema nini. Nikamwambia, "Amesema nikule mayayi mbili kila siku, na mboga, na mafuta." Nikanyamaza hapo.

Ningeweza kusema kwamba niliogopa desturi. Kwa miaka mingi nilijiambia hivyo, na watu wangenikubalia. Lakini mama yangu alikuwa mbali, kilima cha tatu, na katika kibanda kile tulikuwa wawili na mtoto wa mgongoni. Kweli ni kwamba tulikuwa na kuku watano tu nyumbani. Mama yangu alituma mayai siku za soko, yamefungwa katika majani makavu ndani ya kikapu, na yalitosha mtu mmoja. Mimi nilitaka kuishi. Desturi ilikuwa mlango uliokuwa wazi tayari, nami nikapita.

Sasa nitasema jinsi alivyopika, kwa maana ni chakula kizuri na mgonjwa wako atakihitaji. Alichuma lengalenga, mchicha wetu, kando ya mashamba, machanga, kabla hayajatoa mbegu. Aliyaosha mara mbili, akayakata membamba pamoja na puaro moja, kitunguu kile cha majani marefu, na nyanya ndogo zile zinazoota zenyewe. Mafuta ya ngazi, yale niliyoyabeba mgongoni, aliyatia kidogo katika kigae cha chungu kilichovunjika, kilichokuwa kipana na chenye ukingo, akangoja mpaka moshi wa kwanza. Kisha puaro, kisha nyanya, kisha mboga, na zilipokwisha kunywea alipiga mayai mawili kwa kijiti ndani ya kibuyu na kuyamwaga juu yake. Hakukoroga. Alifunika kwa jani la mgomba, akavuta ukuni mmoja nje ya mafiga, akaacha moto mdogo umalizie. Siku nyingine alitumia majani ya maboga, ao kabichi aliyopewa na wake wa wauguzi. Na siku ambazo koo langu liliwaka, alichemsha nyanya na kitunguu kwa maji, akapasulia mayai humo yakiwa mazima, nikayanywa kama uji.

Mboga zake mwenyewe alizitenga kabla mayai hayajamwagwa. Alikuwa na chungu chake kidogo pembeni, naye alikula bugali na lengalenga nyuma ya kibanda, akimnyonyesha Rebeka.

Kwa kuwa hakuweza kuonja, kila alipoweka sahani mbele yangu alichuchumaa kidogo, akauliza jambo moja.

"Munyu inaenea?"

Munyu ndivyo tunavyoita chumvi, na kuenea ni kutosha. Nami nikajibu, "Inaenea." Kweli sikujua. Kinywa changu kilikuwa cha chuma, na yeye kinywa chake kilikuwa kimefungwa na mama zake. Chakula kile tulikiendesha watu wawili, na hata mmoja wetu hakujua ladha yake.

Sindano ziliendelea. Mvua kubwa zikaja, njia ya mtoni ikawa matope, na wake wa wagonjwa wakakoka moto chini ya paa moja. Hapo ndipo nilipojua kwamba Ruben alikuwa amemwambia mke wake neno la Papa Yosefu juu ya mayai. Alitusimulia benchini kama kisa cha kuchekesha.

"Siku ya kwanza alijifunika kitambaa kichwa nzima, njo akakula yayi. Nikamuuliza, unamuficha nani? Akaniambia, namuficha mama yangu. Mama yake alikufa zamani. Sasa iko nanipita kwa kula. Kuku ikimuona, inakimbia."

Watu walicheka sana. Mimi pia nilicheka. Papa Yosefu alikuwa akipita na sinia yake, akasimama mbele yangu.

"Na wako? Bibi yako iko nakula?"

"Iko nakula," nikasema.

Akatikisa kichwa kwa kuridhika, akaenda. Ruben alinitazama. Vibanda vyetu vilikuwa karibu, naye alijua chungu kidogo cha Mariamu. Siku ile hakufanya mzaha tena.

Karibu na sindano ya sitini ladha yangu ilirudi. Nilikuwa nimeketi juani, Mariamu akaniletea sahani, na kijiko kilipofika ulimi nikashtuka kama mtu aliyeamshwa. Nilisikia utamu wa puaro. Nilisikia mafuta. Na nilisikia chumvi, nyingi, chumvi ya kumfanya mtu atafute maji. Alikuwa amechuchumaa mbele yangu, Rebeka akivuta kitambaa chake. Nikaona kwa mara ya kwanza, kwa sababu macho nayo yalikuwa yakirudi, kwamba mifupa ya shingo yake imetokeza.

"Munyu inaenea?"

"Inaenea."

Sikumwambia, kwa kuwa nikianza kuzungumza juu ya chakula kile ningefika mahali pa kuzungumza ni nani alipaswa kukila. Ni rahisi zaidi kula chumvi.

Ruben alikufa sindano zangu zikikaribia kwisha. Asubuhi moja kopo lake halikuwa benchini. Mke wake alipita kutuaga, akiwa na kikapu kichwani, mnene wa mikono, akilia waziwazi. Mwanamke yule ameishi sana; mwaka juzi nilimkuta Sake akiuza vitunguu, mzee kama mimi, akanisalimu kwa jina. Ruben aliyegawa mayai yake alikufa, nami niliyeyala yote niko hapa. Neema alisimamisha kalamu mahali hapa, akaniuliza kama mayai yangemwokoa bibi yake. Andika: sijui. Papa Yosefu alikuwa amesema kwamba mwili ukikauka ugonjwa huingia. Hakusema kwamba mwili ukinona haufi. Mimi sisemi juu ya mayai. Ninasema juu ya neno nililopewa nilipeleke, nikalila njiani.

Tulirudi nyumbani wakati wa kuvuna maharagi ya mwaka uliofuata. Niliweza kupanda kilima bila kuketi. Mama yangu alichinja jogoo, kanisani wakaniombea kwa kushukuru, na kila mtu aliyenishika mkono alisema kwamba Mama Eliya anajua kutunza mgonjwa. Mariamu alisimama nyuma na wanawake, ametabasamu. Nililima msimu ule kama mtu anayelipiza kisasi kwa ardhi. Eliya alianza tena kunirukia.

Mvua zilizofuata Mariamu alianza kukohoa. Alinificha. Alikuwa akitoka kwenda kukohoa migombani, kisha anarudi akiimba ili nisisikie pumzi yake. Kwa sikio langu la kushoto aliweza kunidanganya muda mrefu. Yeye alijua upande gani wa kuketi. Rebeka aliachishwa ziwa kabla ya wakati, maziwa yakiwa yamekauka, na mama yangu akamlea kwa uji. Siku moja nilimwona Mariamu akijipunguzia kitambaa kiunoni, kama alivyoipunguza suruali yangu, na nikajua.

Benchi lilikuwa lile lile. Sasa mimi nilisimama, yeye akaketi. Waliokuwa wameketi walimtazama na kukadiria, nami nikaona nyuso zao. Papa Yosefu alimpokea ndani, akamsikiliza mgongoni, akavaa tena miwani yake polepole. Kisha akauliza, bila ukali, kama mtu anayetafuta mahali hesabu ilipopotea.

"Mama, si ulikuwa nakula mayayi pamoja naye? Mwaka ule wote?"

Sijawahi kuogopa msituni, wala sindano, kama nilivyoogopa wakati ule. Mariamu hakugeuka kunitazama. Alikunja mikono juu ya magoti yake.

"Nilikula, Munganga," akasema. "Kila siku."

Papa Yosefu akatazama chini. "Basi hatujui," akasema, akaandika.

Tulitembea mpaka kibandani, si kile chetu cha zamani bali cha pembeni yake, kilichokuwa cha Ruben. Aliweka kikapu chini. Akauliza akiwa amenipa mgongo, akipanga mafiga.

"Munganga alisema?"

"Alisema."

"Siku gani?"

"Siku ya kwanza. Ulikuwa ku mutoni."

Alipanga jiwe la tatu, akalijaribu kama limekaa sawa. "Basi nenda unichotee maji," akasema. Nami nikaenda mtoni na mtungi wake, mwanamume mzima, na wanawake niliokutana nao njiani waliniachia njia wakifikiri mke wangu amekufa.

Tangu siku ile nilipika mimi. Wake wa wagonjwa walicheka mpaka wakashika mbavu. Mmoja alisema, "Papa Eliya, tukutafutie na kitambaa ya kujifunga?" Mwingine akauliza kama nitanyonyesha pia. Niliwaacha wacheke. Nilichuma lengalenga machanga. Nilikata puaro vibaya. Nilingoja moshi wa kwanza, nikapiga mayai mawili kwa kijiti, nikafunika kwa jani la mgomba, na chumvi nikatia kama nilivyouona mkono wake ukitia, vidole vitatu, mara mbili.

Siku tatu hakula. Haikuwa hasira. Alinyanyua kijiko, kikafika karibu na mdomo, mkono ukakataa wenyewe. Aliniambia kwamba anamwona mama yake. Nilimwambia afunike kichwa kwa kitambaa, kama mke wa Ruben. Siku ya nne alijifunika, nami nikatoka, kwa kuwa sikustahili kuona. Nikasimama nje ya mlango nikiwa nimeelekeza sikio zima ndani. Nilisikia kijiko kikigusa sahani. Kisha akaniita.

Alikuwa amekifunua kichwa. Alikuwa akitafuna polepole, amekunja uso, kama mtu anayesikiliza.

"Ni laini," akasema. "Kumbe iko vile."

Akala kijiko cha pili. Akakishusha.

"Lakini munyu ni mingi."

"Ni kipimo yako," nikasema. "Nilitia kama wewe."

"Na wewe ulikuwa naniambia inaenea."

"Nilikuwa nakuambia."

"Mimi nilikuwa nakatala munyu ku mboga yangu, naiweka yote ku sahani yako. Nilifikiri mugonjwa anahitaji." Alinitazama sasa, moja kwa moja, kwa mara ya kwanza tangu siku ya Papa Yosefu. "Mwaka mzima nilikula mboga bila munyu. Na wewe ilikuzidia. Juu ya nini haukusema?"

Nilikuwa na majibu mengi, yote ya uongo. Alingoja kidogo, kisha akacheka, kicheko kifupi kilichomtoka puani, na kicheko kikageuka kukohoa, nikamshika mgongo mpaka kikapita. Alipopata pumzi alinirudishia sahani.

"Kesho upunguze," akasema.

Nilipunguza. Kila siku nilimpelekea nikauliza, na kila siku alinipa jibu la kweli: leo ni mingi, leo ni kidogo, leo umeunguza puaro. Siku moja alisema, "Leo inaenea," nikatoka nje nikalia nyuma ya kibanda, pale alipokuwa akila peke yake. Nilijifunza kupika kwa mdomo wake. Mashavu yake yalirudi kidogo, na kuna majuma mawili ambayo Papa Yosefu alikuwa akituamkia kwa furaha. Mama yangu alileta mayai mwenyewe, akaingia kibandani, akamkuta mkwe wake akila. Alisimama mlangoni. Kisha akatua kikapu, akahesabu mayai kwa mkono, moja moja, akasema tu kwamba kuku mweupe ameanza kutaga. Alirudi nyumbani akitembea polepole kuliko alivyokuja.

Halafu sindano zikamchosha. Mwili wake ulikuwa umetumika sana kabla ya kufika pale. Ulikuwa umemnyonyesha mtoto na kuninyonyesha mimi. Siku za mwisho hakuweza kumeza ila mchuzi wa nyanya, na yai nilimpasulia humo, nikampa kwa kijiko. Alikufa katika kiangazi, wakati watu wanapochoma majani vilimani na hewa yote ya Masisi ina harufu ya moshi. Ilikuwa asubuhi, saa ya sindano. Papa Yosefu alinikuta nimeketi na kigae mkononi. Nikamwambia yote: kwamba hakula hata yai moja mwaka ule wa kwanza, kwamba nilimdanganya benchini, kwamba Mariamu naye alidanganya kunifunika. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Nilijua," akasema. "Muntu aliyekula haiko vile. Lakini alitaka nisijue."

Sikuoa tena. Eliya na Rebeka walikua. Wana wengine wanaoniita baba ni wa ndugu yangu aliyekufa baadaye, nami niliwalea pamoja na wangu.

Wewe uliyeambiwa juma hili kwamba una ugonjwa huu: dawa za sasa wanasema ni vidonge, vimeze vyote mpaka cha mwisho hata ukijisikia mzima. Kelele za masikio, kinywa cha chuma, suruali inayoanguka, mtoto anayekuogopa, hayo yatapita ao utayazoea. Usiende kusikiliza maneno ya muuguzi peke yako. Nenda na anayekupikia, aketi karibu nawe, asikie kwa masikio yake. Na atakapokuuliza kama chumvi inatosha, usijibu. Mpe kijiko.

Neema aliwasomea wa nyumbani maneno haya jana, kwa amri yangu. Mke wa mwanangu wa pili alitoka nje kabla hayajaisha. Leo mchana ndiye aliyepika. Alileta mayai na lengalenga, akaketi mbele yangu bila kugeuza uso, akala kijiko cha kwanza. Akafikiri. Akala cha pili.

"Munyu ni kidogo, Papa," akasema. "Ngoja."

Akaamka kwenda jikoni. Nikangoja.